Kwa nini fundi anakwambia "njoo kesho"

Kila anayeshonesha nguo anayajua haya. Unafika kwa fundi siku mliyokubaliana, unakuta kitambaa chako kimekunjwa vilevile kama ulivyokileta, na fundi anakwambia, "Mama, samahani sana, njoo kesho." Ukirudi kesho, umeme ulikatika. Keshokutwa, zipu ya rangi ile haijapatikana. Nimekaa upande wa pili wa meza hiyo kwa miaka ishirini, tisa kati yake nikifundisha ushonaji, na nataka kueleza kinachotokea kweli, maana wengi wanadhani ni uvivu au uongo tu.

Kuna nyakati kazi huzidi, hasa kuelekea Idi na Krismasi, na hapo kosa la fundi ni kupokea kila anayekuja. Hilo dawa yake ni kusema hapana. Lakini angalia ni kitambaa gani kinachobaki rafuni miezi mingine. Sketi za sare za shule zimeisha. Mashuka yamepigwa pindo. Kilichobaki ni lesi ya bei kubwa, iliyokuja pamoja na picha ya mshono kwenye simu, mshono ambao fundi hajawahi kuushona. Na fundi mwenyewe hakulala. Amefungua kibanda saa moja asubuhi, ameshona sketi kumi na mbili, ametia cherehani mafuta, amefagia vipande. Amefanya kila kitu isipokuwa kile kimoja anachokikimbia.

Nakijua kukimbia huko. Mwaka wangu wa tatu katika ufundi, mteja aliniletea yadi tano za lesi ya rangi ya maziwa kwa gauni la sendofu ya binti yake. Alinipa wiki sita. Wiki tano lesi ilikaa rafu ya juu ndani ya mfuko wake. Niliishusha, nikaipima, nikaikunja. Nikaenda kumwuliza fundi mwenzangu kuhusu bitana, nikarudi, nikaipima tena, nikaikunja. Mteja akipiga simu namwambia inaendelea vizuri. Usiku wa kuamkia siku ya kujaribu ndipo nilipoikata, saa sita, macho yakiwaka kwa usingizi, na shingo nikaifungua inchi moja na nusu kupita kipimo. Asubuhi nikazunguka Kariakoo, Mtaa wa Uhuru na vichochoro vyake, sikupata lesi ya namna ile. Binti alivaa gauni lenye kipande cha wavu shingoni ambacho hakukiomba. Mama yake hakunigombeza. Alinilipa, akasema "asante mwanangu", na hakurudi tena.

Kosa nililoliogopa kwa wiki tano ndilo nililolifanya, na nililifanya kwa sababu ya hizo wiki tano. Ningekata wiki ya kwanza, mchana, akili ikiwa imetulia, pengine nisingekosea. Na kama ningekosea, lesi ile bado ingekuwa dukani.

Kwa nini basi mtu anaendelea kungoja? Kwa sababu kungoja kunalipa papo hapo. Kila nilipouweka mkasi chini na kurudisha ule mfuko rafuni, kifua kilipoa. Ule ubaridi ndio mshahara, na mwili huujifunza haraka: ukiogopa, kunja kitambaa, utapata nafuu. Mwaka 2013 watafiti Fuschia Sirois na Timothy Pychyl waliandika kwamba kuahirisha ni namna ya kutuliza hisia mbaya za sasa, na bili anapelekewa yule utakayekuwa baadaye. Nilipolisoma hilo niliikumbuka rafu yangu ya juu. Ndiyo maana kumkaripia fundi, au kujikaripia mwenyewe, hakusaidii. Unamwongezea hofu mtu ambaye tayari anaikimbia hofu, naye atatafuta tena mahali pa kupoza kifua.

Lugha yetu nayo inatupa pa kujificha. Tuna "ngoja ngoja huumiza matumbo", lakini mdomoni kwanza huja "haraka haraka haina baraka". Ni methali nzuri kwa mtu anayekata ovyo. Kwa mtu aliyepima kitambaa mara sita, ni kisingizio.

Darasani kwangu wiki ya kwanza hakuna anayegusa kitenge. Tunakata merikani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi. (Jina lake limetokana na Wamarekani walioileta Zanzibar kwa merikebu karne ya 19, ikitoka viwanda vya Massachusetts.) Ni kitambaa cha bei ya chini, na kazi yake darasani ni kuharibiwa. Nawaambia wanafunzi kila mmoja ataharibu vipande viwili kabla ya Ijumaa, na nitavihesabu. Binti mmoja alisimama mbele ya meza karibu saa nzima, chaki mkononi, futikamba shingoni. Mstari wa kiuno ameuchora na kuufuta mpaka nguo imekuwa ya buluu. Akaniuliza, "Mwalimu, kama nimekosea?" Nikamwambia akate inchi moja tu, asimame. Akakata. Mkasi mkubwa ukila pamba hutoa mlio wa kama kutafuna. Akatazama ile inchi, akaniangalia, akaendelea mpaka mwisho bila kuniuliza tena. Mkono wa kulia wa gauni lile ulitoka mfupi kuliko wa kushoto. Akaomba kipande kingine.

Baada ya hapo ndipo nafundisha mpangilio wa kukata, na hapa ndipo penye uzito wote. Makosa ya mkasi hayalingani. Ubavu ukiachia inchi nzima ya mshono kila upande, ukikosea kidogo unatoa au unabana. Pindo ukiliachia inchi mbili, urefu unarekebishika. Kwapani ukibana sana unaweza kutia kipande kidogo cha mshazari. Shingo haisamehe: mkasi huiongeza, hakuna kinachoipunguza. Kwa hiyo tunaanza na mgongo, vipande vikubwa vyenye nafasi ya kujirekebisha, kisha kifua, kisha mikono. Shingo inakuja mwisho, inafunguliwa ndogo kuliko kipimo, mwenye nguo anajaribu, tunaongeza nusu inchi. Fundi mwenye hofu huwa anaanza na shingo kichwani mwake, ndiyo maana hata mgongo haukati.

Kibandani nina sheria moja: kitambaa kipya hakilali usiku wa pili bila alama ya chaki. Sisemi kikatwe, nasema kichorwe mgongo. Mara nyingi mkono ukishachora, mkasi unafuata wenyewe kabla ya chai. Na mshono nisioujua namwambia mteja palepale: "Mama, huu sijawahi kuushona, nitaukata kwanza kwenye merikani, njoo Alhamisi uujaribu." Bado sijampata aliyechukua kitambaa chake akaondoka.

Wiki hii nina hariri ya kijani mezani, yadi nne, ya bibi harusi. Mgongo na kifua vimekatwa tangu Jumatatu, mikono imeshikizwa kwa uzi mrefu. Shingo ina tundu dogo, kichwa kinapita kwa shida. Tutaifungua akifika.