Msaada wa kampuni ndogo: karatasi kwanza, picha baadaye

Kila mwaka wa fedha unapofungwa, kampuni ndogo hutuletea madai ya nafuu ya kodi kwa misaada iliyotoa, na mengi hurudishwa. Wenye madai hayo hawakudanganya. Wametoa kweli, tena kwa moyo mweupe, ila hati hawana.

Lieleweke hili, maana tumelirudia mno: udhamini si msaada. Kampuni ikilipa ili nembo yake ichapwe kwenye fulana za mashindano, imenunua tangazo, na fedha hizo huandikwa kwenye gharama za matangazo. Kushukuriwa kwa barua hakuna tatizo. Mkataba unaotaja ukubwa wa nembo ndio unaogeuza mchango kuwa biashara.

Kabla ya kutoa, ombeni nakala ya usajili wa taasisi inayopokea na, pale sheria inapotaka, hati ya kutambuliwa na mamlaka ya kodi. Mara nyingi usajili pekee hautoshi. Wakurugenzi wapitishe msaada huo kikaoni, na muhtasari utaje mpokeaji, kiasi na lengo. Fedha ziingie akaunti ya taasisi, kamwe si ya mwenyekiti wake. Stakabadhi iwe na namba, tarehe na jina la kampuni kama lilivyosajiliwa. Ikiandikwa jina la mkurugenzi, aliyetoa ni yeye, si kampuni.

Vitu vinahitaji hati ya makabidhiano yenye sahihi za pande zote mbili. Chukueni kompyuta 10 zilizotumika. Kuandika “vifaa vya ofisi” hakutoshi: kila moja iandikwe aina, namba yake ya utambulisho, hali yake, na kama ina chaja. Diski zifutwe kwa programu maalumu, kwa sababu faili lililotupwa kwenye kapu la kompyuta bado linaweza kurejeshwa, na humo mna mishahara na taarifa za wateja. Siku hiyo hiyo ya makabidhiano, kompyuta ziondolewe kwenye daftari la mali. Mashine isiyowaka msimpe mtu. Hiyo ni taka, na mnamwachia mwenzenu gharama ya kuiteketeza. Kuisafirisha nje ya nchi ni kosa zaidi: tangu 1 Januari 2025, Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa kudhibiti usafirishaji wa taka hatari kati ya nchi, unataka taka zote za kielektroniki zisivuke mpaka bila ridhaa ya nchi inayopokea.

Bidhaa za dukani zina mtego wake. Kama mlirudishiwa kodi ya ongezeko la thamani mlipozinunua, katika nchi nyingi kuzigawa bure huhesabiwa kama mauzo, na kodi hudaiwa.

Hati zikikosekana, kiasi kilichodaiwa hurudishwa kwenye faida, kodi hukokotolewa upya, riba huhesabiwa tangu siku kodi ilipopaswa kulipwa, na faini huongezwa juu yake. Stakabadhi ya kughushi hupelekea mashtaka ya jinai.

Siku za kujitolea ni jema kubwa, lakini mshahara wa siku hiyo tayari umo kwenye gharama. Msiuthaminishe tena kama msaada. Iulizeni kampuni ya bima, kwa maandishi, kama mfanyakazi akiumia huko atalipwa.

Upande wa mazingira, someni mita za umeme na maji kila mwezi kwa miezi 12 kabla ya kutangaza lengo lolote. Na msinunue “cheti cha ISO 26000”. Kiwango hicho cha mwaka 2010 ni mwongozo wa uwajibikaji kwa jamii. Hakikutungwa kwa ajili ya vyeti, na mwenyewe kinasema hivyo.