Oda zimeongezeka, mbona mafundi wanaondoka?

Kwenye mafunzo yetu ya wenye karakana huwa naanza na swali moja tu, nyie mafundi wenu mnawalipa lini? Watu wanacheka, wanaangaliana, afu mmoja anajibu Jumamosi. Jumamosi saa ngapi? Aah, inategemea na mteja kama kaleta hela. Basi hapo hapo ndo shida ilipo.

Mi nimekaa zaidi na mafundi fenicha, wale wa Keko pale Dar, kwahiyo mifano yangu itanukia vanishi, ila mwenye cherehani sita au anayeshona viatu vya ngozi naye atajiona humu.

Karakana nyingi zinaanza hivi: mtu anajua kuranda, anachukua saidia fundi mmoja, mara nyingi mtoto wa ndugu, mchana wanakula wote kwa mama ntilie, na ikija oda ya kitanda cha mninga kijana anaambiwa kabisa tumepatana laki nane, advansi laki nne, mbao imekula tatu. Hata akicheleweshewa chake anajua kwanini. Sasa ngoja wafike watu kumi na mbili. Bosi hashiki tena randa, yuko kwenye simu, yuko saiti, yuko na wateja wa Instagram, na mafundi wanachokiona ni makabati yanapakiwa kwenye Kirikuu kila siku halafu wakiuliza wanaambiwa hela haijaingia. Bosi ni yule yule wala hajawa mtu mbaya, ila hesabu siku hizi anaijua peke yake, na mtu asiyeijua hesabu anajipigia ya kwake kichwani, na hiyo ya kichwani siku zote ni kubwa.

Kuna karakana moja nilikaa nao Jumamosi mpaka saa moja jioni. Wameshanawa, wamebadili nguo, wamekaa juu ya mbao wanachezea simu, hakuna anayeongea. Mara meseji zinaingia, elfu ishirini ishirini, "nyingine Jumatatu". Jumatatu wawili hawakutokea, na mmoja wao alikuwa ndo anayejua kupima sofa za kona, tena namba za wateja anazo. Bosi akaniambia vijana wa siku hizi hawana shukrani, nikanyamaza tu.

Kwahiyo ukiniuliza kumjali mfanyakazi ni nini, sitaanza na pilau la mwisho wa mwaka wala tisheti zenye nembo. Weka siku na saa ya malipo, na hela ya mishahara ikae mbali na advansi za wateja, ukiweza laini nyingine kabisa. Siku utakayokwama waambie Alhamisi, usisubiri Jumamosi jioni.

La pili ni makato, na hapa ndo watu wanaumizana kweli. Fundi kakata mguu wa meza mfupi, mbao imeharibika, bosi kwa hasira anakata hela ya wiki nzima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu hivyo. Lazima kosa liwe lake kweli, umpe maandishi yanayoonyesha sababu, kiasi na ulivyokipata, apewe nafasi ya kubisha, akubali kwa maandishi, na jumla ya makato isizidi robo ya mshahara wake. Na kabla hujafika huko jiulize nani alimpa kipimo, sababu mara nyingi nakuta kipimo kilitajwa kwa simu huku mashine inanguruma. Kaubao ka ukutani chenye oda na vipimo kanamaliza kesi nyingi kuliko ukali.

Masaa nayo: siku 6 kwa wiki, masaa 45, siku moja isizidi masaa 9, zaidi ya hapo ni ovataimu na inalipwa si chini ya mara moja na nusu. Likizo siku 28 na malipo yake. Najua msimu wa oda watu wanakesha, sawa, ila iandikwe.

Vumbi. Watu wanalizoea kabisa lakini vumbi la mbao liko kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu tangu 1995, kwahiyo barakoa nzuri na kupiga msasa nje penye upepo sio anasa. Na jisajili Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, mchango unatoa mwajiri, kumkata fundi hairuhusiwi. Siku msumeno ukichukua kidole hutazunguka mtaani na daftari la mchango.

Mwisho kuna hili la VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi. Wanampima fundi aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti, na nikilisema mabosi wananijia juu, nikimpa cheti si ataondoka? Mmoja alibisha sana, baadae akampeleka fundi wake mkuu na ada akalipa yeye. Mara ya mwisho nimepita pale, Ijumaa saa kumi, siku yao ya malipo, cheti kimetundikwa juu ya benchi la randa kwenye fremu ya mkongo, fundi kaitengeneza mwenyewe, na kona moja haijakaa vizuri, wenzake wanamtania nayo mpaka leo.