Bustani za burudani: sampuli ya majitaka ichukuliwe siku ya umati

Kila msimu wa likizo malalamiko kuhusu mabwawa na vijito vya bustani za burudani hutujia sisi wakaguzi wa maji kwa wingi. Wageni hulalamikia harufu. Wenye bustani nao hulalamika kwamba tumewafungia bwawa ambalo maji yake ni meupe, mchanga unaonekana hadi chini. Nawaandikia wote, ila zaidi wenye bustani na mafundi wao, kwa kuwa mtambo wa kusafisha majitaka yanayoishia humo uko mikononi mwao.

Kwanza hilo la mchanga kuonekana. Maji maangavu hayathibitishi lolote kuhusu vimelea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2003 kuhusu maji ya kuogelea ulipanga ubora kwa idadi ya enterokoki, bakteria wanaoishi utumbani, katika mililita 100: isiyozidi 40 ni daraja bora, inayozidi 500 ni daraja la mwisho. Bakteria 500 katika kiasi hicho hawabadilishi rangi wala ladha ya maji. Hesabu yenyewe hutokana na mfululizo wa sampuli, kwa hiyo cheti kimoja kilichobandikwa getini hakitoshi.

Mitambo midogo ya bustani huharibiwa na umati wa siku chache. Katikati ya wiki vyoo havina watu, mwisho wa wiki foleni haikatiki. Tangi la majitaka huhitaji siku moja hadi mbili ili tope lizame. Maji yakiingia mara tatu ya kawaida, hayakai humo muda huo, na tope husukumwa hadi kwenye kitanda cha changarawe na matete kinachochuja maji, na kukiziba. Tena majitaka ya bustani ni makali kuliko ya nyumbani, maana hakuna maji ya kuoga na kufulia ya kuyapunguza makali. Mkojo ni mwingi, na amonia ni nyingi. Ndiyo maana mtambo uliokadiriwa kwa hesabu ya nyumba ya kuishi hushindwa hapa hata ukijengwa vizuri. Kinachosaidia ni tangi la kusawazisha mtiririko, lenye pampu inayoachia maji kidogo kidogo wiki nzima. Tangi la tope nalo linyonywe pale tope na utando wa juu vinapofikia theluthi ya kina chake. Lisisubiriwe lifurike.

Kuhusu dawa za vyooni, tumesema mara nyingi mno: dawa kali za kuua vijidudu zikimwagwa ovyo huua bakteria wale wale wanaosafisha majitaka. Na kuongeza klorini mwishoni hakuokoi mtambo ulioshindwa. Majitaka yenye uchafu mwingi huimaliza klorini kabla haijafika kwa vimelea, muda wa klorini na maji kukaa pamoja haupaswi kupungua nusu saa, na vimelea vya kriptosporidia huistahimili hata hivyo. Klorini inayobaki huua samaki wa kijito, kwa hiyo lazima iondolewe kabla maji hayajatoka.

Sasa sampuli. Chupa ya vipimo vya bakteria iwe tasa, yenye thiosalfeti ya sodiamu ya kuizima klorini. Usiisuuze, utaimwaga dawa hiyo. Ifungue pale pale unapochota, usiguse mdomo wake wala ndani ya kifuniko. Bwawani, izamishe ikiwa imeinama hadi sentimita 30 hivi chini ya uso wa maji, kisha igeuze mdomo uelekee yanakotoka maji, mkono ukiwa nyuma yake. Acha nafasi kidogo juu, ili maabara waweze kuitikisa. Andika mahali, tarehe, saa, na kama mvua imenyesha. Iwekwe kwenye kisanduku chenye barafu, gizani, ifike maabara ndani ya saa 24, na ikiwezekana ndani ya saa 6. Kipimo cha BOD, yaani kiasi cha oksijeni ambacho bakteria hutumia kuozesha uchafu ulio majini, hukaa siku 5 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, gizani, kwa hiyo msitupigie simu jioni kuuliza majibu.

Oksijeni hupimwa papo hapo bwawani. Fundi akipima saa saba mchana, mwani ukiwa juani, atapata namba ya kupendeza. Usiku mwani huo huo huvuta oksijeni, na samaki hufa karibu na alfajiri. Pima kabla jua halijachomoza. Vivyo hivyo kwa mtambo: sampuli ya Jumatano asubuhi, baada ya mtambo kupumzika, haituelezi chochote kuhusu Jumapili. Hapo ndipo tunapowakuta wengi wakifanya udanganyifu, hata wasipokusudia.

Kwa kawaida hatua huanza na onyo la maandishi lenye muda wa kurekebisha, kisha amri ya kuzuia kutiririsha maji, kufungwa kwa bwawa, kusimamishwa kwa kibali, na mwisho mahakama. Kuzidisha viwango na kuripoti mapema huchukuliwa kwa uzito tofauti kabisa na kughushi kitabu cha kumbukumbu. Mwenye mtambo uliofeli tunaweza kukaa naye tukautengeneza. Aliyejaza namba akiwa ofisini ameshafunga mlango huo mwenyewe.

Wageni, baada ya mvua kubwa msiingie kwenye bwawa la asili au kijito kwa angalau siku mbili, kwa sababu mafuriko husomba kinyesi. Mtoto anayeharisha asiingie majini kabisa, hata akiwa na nepi ya kuogelea. Nepi hiyo haizuii vimelea. Mkitaka kulalamika, tuambieni mahali, siku, saa, rangi na harufu ya maji, na piga picha inayoonyesha bomba linakotoka. Msituletee maji kwenye chupa ya soda. Hatuwezi kuyapima wala kuyatumia kama ushahidi.