Gia mpya haiponyi injini inayokula gia

Trakta ya zamani ikila gia za injini mara ya pili, mafundi wengi hapa Lubumbashi husema neno moja: pinyo, yaani gia, ni feki, tafuta ya asili. Feki zipo, sikatai. Lakini gia tatu kutoka maduka matatu zikilika upande uleule, kosa si la maduka.

Chukua Massey Ferguson 135 yenye injini ya Perkins ya silinda tatu. Nyuma ya kifuniko cha mbele, gia ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) inazungusha gia ya kati, nayo inazungusha ya kemshafti (mhimili unaofungua vali) na ya pampu ya dizeli. Bushi ya gia ya kati, yaani pete ya chuma inayoizungukia gia hiyo katikati yake, ikilika, gia inainama, na meno yanabebana kwa ukingo tu. Ukiweka mpya juu ya bushi ileile, umelisha moto kuni.

Kwa hiyo usitupe gia iliyokufa. Ifute kwa kitambaa, iinamishe juani. Ukingo mmoja unang'aa? Kuna kitu kimepinda au kimelegea. Mikwaruzo kama ya msasa kila mahali? Ni vumbi ndani ya oili, na vumbi letu jekundu la kiangazi halihitaji mwaliko. Vishimo katikati ya jino ni chuma kilichochoka. Hapo nahisi pampu ya dizeli inayozunguka kwa uzito kabla ya kitu kingine.

Kisha shika gia ya kati kwa mkono, itikise mbele na nyuma. Ikicheza kama jino la mtoto, toa bushi, zibua na tundu linaloipelekea oili.