Bendi moja kwenye jeli si ushahidi kwamba sigma inafanya kazi

Jana nimeletewa tena picha ya jeli ya kutenganisha protini kwa uzito: bendi (mstari) moja ya sigma 70, protini inayoiwezesha RNA polimerasi, kimeng'enya kinachonukuu DNA kuwa RNA, kutambua mahali pa kuanzia; bendi nene, imekolea, na maneno yaleyale, "Protini ni safi, tuanze unukuzi." Nimechoka kuyasikia.

Jeli ile ina SDS, sabuni inayokunjua protini, na sampuli huchemshwa kwanza. Kila protini hukunjuliwa ikawa kama uzi. Utajuaje basi kama ilikuwa imejikunja sawasawa kabla hujaichemsha? Huwezi. Na sigma 70 ndiyo ya kutiliwa shaka hasa: tukiizalisha kwa wingi ndani ya bakteria E. coli hujirundika madonge yasiyoyeyuka. Tunayayeyusha kwa guanidini, kemikali inayokunjua protini, kisha tunaiondoa guanidini taratibu ili protini ijikunje upya. Iliyojikunja vizuri na iliyoharibika hutoa bendi ileile. Hata mahali bendi inapokaa panapotosha: uzito wake ni kilodaltoni 70, lakini hutembea kama ya karibu 90.

Sigma yenyewe iligunduliwaje? RNA polimerasi ya E. coli ilipitishwa kwenye safu ya fosfoselulosi, ya kutenganisha protini, ikatoka safi zaidi, lakini ikashindwa kunukuu vizuri DNA ya faji T4, kirusi cha bakteria. Kwenye DNA ya ndama ilichapa kazi. Hapa ndipo nawaomba mtulie. DNA ile ya ndama ina mikatiko mingi, na polimerasi huanzia kwenye mikatiko hata bila sigma. Ya T4 ilikuwa nzima. Hapo lazima promota, mahali unukuzi unapoanzia, itambuliwe, na hiyo ni kazi ya sigma. Safu ilishika polimerasi, sigma ikapita zake. Taarifa ilichapishwa 1969. Watafiti wangepima kwa DNA ya ndama peke yake, wangefurahia usafi na kumwaga kitu chenyewe.

Kwa hiyo pima kazi. Weka polimerasi isiyo na sigma, kiasi kilekile katika kila tyubu, pamoja na DNA yenye promota, uongeze sigma kidogo kidogo mpaka RNA isizidi tena. Ikiwa umehitaji molekuli 3 za sigma kwa kila polimerasi, huenda theluthi tu ndiyo hai. Nasema huenda, kwa sababu hesabu hiyo inachukulia polimerasi yote ni hai, na miaka yote hii sijawahi kuwa na hakika nalo.

Aliyeniletea picha nimempa tyubu 8 na DNA ya promota. Jeli aiweke kando kwanza.