Polinomia ya fundo si mlinganyo

Kwa mara ya tatu mwezi huu nimesikia hapa Mtwara, safari hii kutoka kwa mwalimu mwenzangu wa hisabati, kwamba wanafizikia "wametatua mlinganyo wa fundo". Polinomia ya fundo ni mtajo wa aljebra, yaani fungu la herufi na namba kama t + t³ − t⁴, unaokokotolewa kutokana na mchoro wa fundo, na ambao haubadiliki hata kamba ikivutwa na kupindwa vipi, mradi isikatwe. Maana yake ni hiyo tu.

Kinachonikera ni neno mlinganyo, lililozaliwa na kitenzi kulingana: lazima pawe na pande mbili na alama ya sawasawa katikati. Mtajo hauna upande wa pili, kwa hiyo hakuna cha kutatua. Nadhani neno fundo lenyewe ndilo linalotuponza, kwa kuwa fundo la kawaida hufunduliwa. Mvuvi wa Msangamkuu akifundika kamba ya wavu huacha ncha mbili, na kwa ncha hizo hizo atalifundua. Mwanahisabati huziunga ncha kwanza, na tangu hapo fundo lililo fundo kweli halifunduki bila kisu.

Fizikia iliingiaje? Mwaka 1984 mwanahisabati Vaughan Jones, akishughulikia aljebra za von Neumann, tawi la hisabati lisilohusu mafundo, alipata polinomia inayobeba jina lake, na ikaonekana kwamba mahusiano aliyoyatumia yalikuwa yamekwisha kuandikwa mwaka 1971 na wanafizikia Temperley na Lieb katika fizikia ya takwimu, ile inayochunguza chembe nyingi kwa pamoja. Mwaka 1987 mwanahisabati Louis Kauffman aliirahisisha kazi hiyo mpaka ikafanyika kwa penseli. Kila mpishano wa kamba hukatwa na kuungwa upya kwa njia mbili, moja ikipewa uzito A na nyingine 1/A, hivyo fundo la mipishano mitatu hutoa michoro iliyokatwa yote, iitwayo hali, 2 × 2 × 2, yaani 8. Kila hali ni duara moja au zaidi yasiyokatana, na kila duara baada ya la kwanza huzidisha kwa −A² − A⁻². Hali zote hujumlishwa, kama mwanafizikia anavyojumlisha hali zote za chembe za sumaku, kisha hesabu hurekebishwa kwa msokoto wa mchoro (mipishano ya upande mmoja ukitoa ile ya upande wa pili) na t huwekwa badala ya A⁻⁴. Jibu la fundo la mipishano mitatu la kulia ni t + t³ − t⁴. Taswira ya fundo hilo kwenye kioo hutoa t⁻¹ + t⁻³ − t⁻⁴, kwa hiyo la kulia na la kushoto si fundo moja, jambo ambalo polinomia ya fundo iliyotangulia, ya Alexander ya mwaka 1928, haiwezi kulionyesha.

Hata hivyo, fundo la Conway na lile la Kinoshita na Terasaka, kila moja la mipishano 11, ni tofauti ilhali polinomia yao ya Jones ni moja. Mwenzangu, ambaye namheshimu sana, hakukosea kuwataja wanafizikia. Ningemwomba tu aseme kwamba wamekokotoa polinomia ya fundo, na mlinganyo auache ubaoni kwa kidato cha pili.