Ziwa la magadi ni nini, na kwa nini ukali wa maji yake ndio uhai wake

Ziwa la magadi ni ziwa ambalo maji yake yamebeba sodiamu kabonati na sodiamu bikabonati kwa wingi hadi yakawa alkali kali, kwa kawaida pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 9 kwenda juu. Usilichanganye na maji chumvi ya baharini. Bahari imejaa chumvi ileile ya mezani, na pH yake ni 8 na kidogo. Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, hupita 10. Ukiziangalia namba hizo juujuu utadhani tofauti ni ndogo, lakini kila hatua moja ya pH ni mara kumi, kwa hiyo kutoka 8 hadi 10 ni mara mia.

Magadi yenyewe tunayajua jikoni. Lile bonge jeupe au la kijivu linalouzwa sokoni, ambalo mpishi wa makande hulimega kidogo akatupia kwenye chungu, mara nyingi ni madini yanayoitwa trona, na trona ndiyo hujenga gamba juu ya maziwa haya. Kazi yake chunguni ni kuvunja ile gundi inayoshikilia kuta za chembe za mahindi na maharage, ndiyo maana yanaiva upesi. Ukizidisha, chakula kinaonja sabuni. Tumbukiza kidole katika maji ya ziwa la magadi nacho kitateleza vilevile, kwa sababu alkali inageuza mafuta ya ngozi yako kuwa sabuni.

Kwetu maziwa haya yamejipanga ndani ya Bonde la Ufa. Tanzania kuna Natron, Manyara, Eyasi na yale madogo ya Momela chini ya Mlima Meru. Kenya kuna Magadi, Nakuru, Elementaita na Bogoria. (Kuna Ziwa Magadi jingine ndani ya kreta ya Ngorongoro, kwa hiyo anayesema "nimetoka Magadi" muulize ipi.)

Ziwa la aina hii linahitaji mambo mawili yakutane. La kwanza ni mwamba. Bonde la Ufa limefunikwa na miamba ya volkeno yenye sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo. Mvua inaponyesha hubeba hewa ya kaboni dayoksaidi, ikipenya kwenye mwamba inauchachua polepole na kuondoka na sodiamu pamoja na bikabonati. La pili ni kutokuwa na njia ya kutokea. Ziwa Victoria linatoa maji kwa Mto Nile, Tanganyika kwa Mto Lukuga unaokwenda Kongo, na mito hiyo huondoka na chumvi zake. Natron haina mto unaotoka. Ewaso Ng'iro wa Kusini unaingia kutoka Kenya, vijito vinaingia, chemchemi za maji moto zinaingia, kisha jua linachukua maji na kuacha kila kilichokuwa ndani yake.

Hapo kemia inafanya uchaguzi wake. Maji yanapopungua, kalsiamu ndiyo hutangulia kushikana na kabonati na kuzama kama chokaa. Kalsiamu ingekuwa nyingi, ingemaliza kabonati yote na ziwa likabaki na chumvi za kawaida. Kwa kuwa mwamba wetu una kalsiamu haba, inakwisha mapema, kabonati inabaki na sodiamu peke yake, na pH inapanda bila cha kuizuia. Wanaotaka kuelewa kwa nini maziwa mawili yaliyo chini ya jua moja yana maji tofauti kabisa waanzie hapa, kwenye kalsiamu, kabla ya kukimbilia joto la jua.

Uchaguzi huohuo una upande unaotufika nyumbani. Floraidi iliyomo kwenye miamba ya volkeno ingeweza kuondolewa majini na kalsiamu, maana viwili hivyo vikishikana huzama. Kalsiamu ikikosekana, floraidi inabaki ikielea, na visima vya maeneo mengi ya Arusha, Kilimanjaro na Bonde la Ufa la Kenya huvuka kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya kahawia ya watu waliokulia huko chanzo chake ni hiki, na wala si uvivu wa kupiga mswaki. Magadi ya kupikia nayo huongeza floraidi kwenye chakula, jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Huko Ngurdoto, mkoani Arusha, kuna kituo cha utafiti ambacho kwa miaka mingi kimeshughulika na uchujaji wa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Hauna siri kubwa: mfupa una kalsiamu ile ambayo maji yaliikosa.

Kisha kuna mfano unaovuruga kanuni, nao ni Naivasha. Ziwa hili limo katikati ya Bonde la Ufa, halina mto hata mmoja unaotoka, na bado maji yake ni baridi (yaani si ya chumvi), yana viboko na samaki, na mashamba ya maua yanayatumia. Elementaita, jirani yake wa kaskazini, ni ya magadi. Jibu limo chini. Naivasha liko juu kuliko majirani zake, na maji yake hupenya ardhini kuelekea kaskazini na kusini, yakiondoka na chumvi. Watafiti waliyatambua maji hayo mbali na ziwa kwa kupima alama za kiasili za hidrojeni na oksijeni, kwa kuwa maji yaliyokwisha kupigwa na jua ziwani hubaki na alama tofauti na maji ya mvua. Baringo nalo lina mlango wa chini kwa chini. Kwa hiyo unapoambiwa ziwa "halina pa kutokea", uliza pia chini.

Na Ol Doinyo Lengai? Mlima huu, unaoitwa na Wamaasai Mlima wa Mungu, una mita 2,962 na umesimama kusini mwa Natron. Mwaka 1960 mwanajiolojia Barry Dawson alitazama lava yake na kukuta ni ya kabonati za sodiamu, jambo ambalo halijaonekana kwenye volkeno nyingine yoyote iliyo hai duniani. Lava ya kawaida hutoka ikiwa na nyuzijoto elfu moja na zaidi. Hii hutoka na 500 hadi 600 hivi, nyepesi, nyeusi, inatiririka upesi, na ikipata unyevu inageuka nyeupe ndani ya muda mfupi. Watalii wengi huelezwa kwamba mlima huu ndio ulioitia Natron magadi. Ni nusu ya ukweli. Majivu yake yakioshwa na mvua yanachangia, lakini Nakuru na Bogoria ziko mbali naye na ni za magadi vilevile. Kazi kubwa inafanywa na miamba ya kawaida ya volkeno, chemchemi na muda.

Ukali wa maji haya si hadithi. Miaka ya 1950 Leslie Brown, ofisa wa kilimo nchini Kenya aliyekuwa mtafiti wa ndege, aliamua kuvuka tope la Natron kwa miguu kuwafikia heroe, ndege ambao wengi tunawaita flamingo, waliokuwa wanaatamia. Gamba la magadi lilikatika chini yake, magadi yakaingia kwenye viatu na kumbabua miguu, na aliishia hospitalini kwa wiki kadhaa. Lakini zile picha zilizosambaa mtandaoni mwaka 2013, za ndege na popo "waliogeuzwa mawe papo hapo" na Natron, zimeelezwa vibaya. Wanyama wale walikufa, magadi yakakausha mizoga na kuihifadhi, na mpiga picha Nick Brandt akaiokota ufukweni na kuipanga juu ya vijiti na mawe apige picha. Wamisri wa kale walitumia madini ya jamii hiyohiyo kukausha maiti za wakubwa wao. Hakuna kiumbe anayegusa maji ya Natron akawa jiwe.

Ndipo tunafika kwenye jambo ambalo wengi hawalitegemei: maziwa ya magadi ni miongoni mwa mazingira ya maji yanayozalisha chakula kingi zaidi duniani. Mmea wa majini unahitaji mwanga, kaboni na virutubisho. Mwanga wa ikweta upo mwaka mzima, fosforasi ipo, na kaboni ndiyo maji yenyewe. Viumbe wachache tu wanavumilia pH ya 10, lakini anayeivumilia hana mpinzani. Mmoja wao ni Arthrospira, sayanobakteria mdogo mwenye umbo la msokoto, ambaye maduka ya vyakula vya afya humuuza kwa jina la spirulina. Akistawi, maji huwa kijani kizito, na sahani ya mtafiti, ile ya nyeupe na nyeusi inayoshushwa kwa kamba kupima uangavu, hupotea machoni ikiwa bado karibu na uso wa maji.

Heroe mdogo (mdogo ni jina la aina yake, si umri) ameumbwa kwa ajili ya supu hiyo. Anainamisha kichwa mpaka mdomo unakuwa juu-chini, ulimi unasukuma na kuvuta maji kama pistoni ya pampu, na safu za vinyweleo ndani ya mdomo zinabakiza Arthrospira na kuruhusu maji yatoke. Utafiti wa Ekkehard Vareschi katika Ziwa Nakuru miaka ya 1970 ulikadiria ndege mmoja hula gramu 70 hivi za mwani mkavu kwa siku. Zidisha kwa ndege laki kadhaa utaona ni tani ngapi zinavunwa. Rangi ya waridi ya manyoya inatokana na chakula hicho. Miguu yake ina magamba magumu yanayostahimili magadi, chumvi iliyozidi hutolewa na tezi za kichwani, na kiu huikata kwenye vijito na chemchemi zinazoingia ziwani.

Samaki naye yupo, japo si wengi. Perege wa Ziwa Magadi anaishi kwenye chemchemi zenye joto linalozidi nyuzi 40. Samaki wa kawaida hutoa taka yake ya amonia kupitia mashavu, na inayeyukia majini. Katika maji ya alkali amonia haitoki vizuri, inamrudia mwilini kama sumu. Perege huyu huibadilisha kuwa urea, kama tufanyavyo sisi kwenye mkojo. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliingizwa Ziwa Nakuru apunguze mbu. Aliowaleta kwa wingi ni mwari, ndege walaji samaki ambao kabla ya hapo hawakuwa na sababu ya kukaa pale.

Sasa tukisema "ubora wa maji", tunapima kwa kipimo cha nani? Kwa kisima cha kijiji, chumvi ikishuka tunashangilia. Kwa ziwa la magadi, chumvi ikishuka ni msiba. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 maziwa ya Bonde la Ufa la Kenya yamekuwa yakijaa. Nakuru ilimeza lango kuu la hifadhi na barabara zake, magadi yakazimuliwa, Arthrospira ikapungua, na makundi makubwa ya heroe yakahama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliotumia picha za satelaiti za zaidi ya miaka ishirini kwa maziwa 22 ya Afrika Mashariki, ulionyesha kuwa kadiri maziwa yanavyopanuka ndivyo chakula cha heroe kinavyopungua. Ndege wana mabawa, watatafuta ziwa jingine, lakini idadi ya maziwa ya kuhamia haiongezeki. Mji wa Nakuru nao umekua ukingoni mwa ziwa, na maji taka yake yanaelekea hukohuko. Vifo vya heroe vilivyotokea mara kadhaa tangu miaka ya 1990 katika Nakuru na Bogoria vimehusishwa na sumu za aina nyingine za sayanobakteria, maradhi ya bakteria na metali nzito, na mimi naona wanaotafuta msababishi mmoja tu wanajisumbua.

Kula, heroe wanaweza kula katika maziwa mengi. Kuzaliana ni Natron. Inakadiriwa robo tatu ya heroe wadogo wote duniani wameanguliwa pale, juu ya vichuguu vya tope vilivyojengwa kwenye gamba la magadi, kila kimoja na yai moja, mbali na fisi na mbweha wasiothubutu kuvuka. Kina cha maji kikishuka mno, adui anapata njia; kikipanda, viota vinazama. Mwaka 1962 Natron ilifurika na ndege wakahamia Ziwa Magadi. Kule magadi yaliganda miguuni mwa vifaranga yakawa pete nzito, watu wakaingia ziwani kuzivunja moja moja.

Ndiyo maana mpango wa kujenga kiwanda cha magadi ukingoni mwa Natron, uliojadiliwa kwa nguvu kati ya 2006 na 2008, ulizua upinzani mkali na haukutekelezwa. Watetezi wa kiwanda walionyesha kidole upande wa Kenya: Ziwa Magadi limechimbwa tangu 1911 na heroe bado wanaonekana. Hoja hiyo inasahau kwamba Magadi si mahali pao pa kawaida pa kuatamia. Baadaye macho ya serikali yalihamia Engaruka, kusini mwa Natron, ambako magadi yamo ndani ya maji ya chini ya ardhi. Kuvuna huko hakugusi kiota, lakini maswali ya maji yanabaki: kiwanda kitanywa maji baridi ya wapi, na je, maji ya chini ya Engaruka yana mlango wa kwenda Natron, kama Naivasha ilivyo na wake?